Umbali Haupimwi Angani

Itazameni ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ndege hukata takribani kilomita 850 kwa saa moja na nusu hivi. Hesabu hiyo husemwa kwa majivuno, kana kwamba taifa limekwisha kufika Nyamigogo. Halijafika. Mkazi wa huku, baina ya Ngara na Biharamulo, akishuka Mwanza ndipo safari yake huanza: basi, kisha pikipiki gizani.

Tena, kwa mstari ulionyooka, mji wa Ngara uko karibu zaidi na uwanja wa ndege wa Kigali, ng'ambo ya Rusumo, kuliko na Bukoba, makao makuu ya mkoa wetu! Mwenye posho huupima umbali kwa saa za ndege. Mkulima huupima kwa siku alizoliacha shamba na nauli aliyokopa.

Watetezi watasema viwanja huleta maendeleo. Sivikatai. Lakini daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko ambayo hakuna rubani aliyewahi kuiondoa. Anayefupisha safari ya mnyonge ni mjenzi wa barabara na daraja. Na zaidi yake, mtumishi anayelimaliza shauri wilayani badala ya kumtuma raia Dar es Salaam kufuata sahihi moja.

Basi, mtumishi wa umma, kabla hujatamka "njoo kesho", jiulize: hiyo kesho inamgharimu nani?