Mafua hayasubiri kikohozi



Juzi, kwenye Hiace ya kwenda Benaco, mzee mmoja alikohoa, abiria wote tukamgeuzia kisogo. Jirani yangu, mzima kabisa, akaendelea kupiga soga na kugawa karanga. Kesho yake ndiye aliyelala na homa.

Homa ya Marburg ilipotangazwa Biharamulo Januari 2025, tulifundishwa kwamba asiye na dalili haambukizi. Ni kweli, kwa Marburg. Tatizo, wengi tumelibeba somo hilo hadi kwenye mafua. Mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia mgonjwa, na siku 3 au 4 za mwanzo wa kuugua ndizo mbaya zaidi. UVIKO-19 nayo huambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya dalili. Kikohozi kinachobaki wiki ya pili mara nyingi hutisha masikio tu (labda kiwe cha kifua kikuu, hapo nenda kapime).

Wazazi, mtoto akiamka koo linamwasha, abaki nyumbani siku hiyohiyo, msingoje azidiwe. Na makondakta wetu, fungueni madirisha, hata kwa baridi hii ya Ngara.

Msomaji wenu,
Ngara Mjini