Kuosha Chupa za Labo



Mama mmoja wa Butembo ametuuliza hivi: "Mtoto wangu alimaliza bioshimi, anataka kazi ya labo. Baba yake anasema heri aende machimboni, juu labo ni kuosha chupa za watu. Ninyi munasema nini?"

Mama, baba hakudanganya. Kuosha chupa iko. Msaidizi wa labo anaosha, anapima, anaandika, anangoja. Lakini angalieni ile kazi ilizaa nini kwetu.

Mwaka 1995, Ebola ilipoua watu Kikwit, Profesa Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Wakapona 7. Wataalamu wengi walisita: wagonjwa 8 ni wachache mno. Mwaka 2006 wakachukua damu ya mtu mmoja aliyepona kule Kikwit. Miaka 11 ilikuwa imepita, na mwili ulikuwa haujasahau! Ndani ya damu ile watu wa labo walitafuta antibodi, yaani protini za kujikinga, wakazijaribu moja moja mpaka wakapata ile inayozuia virusi kuingia ndani ya seli. Waliiita mAb114. Leo inatengenezwa na seli zinazofugwa katika vyombo, bila kuchukua damu ya mtu tena.

Mwezi wa 8, 2018, Ebola ikatangazwa kwetu. Tangu Novemba mwaka ule dawa 4 zikalinganishwa Beni, kisha Mangina, Katwa na Butembo, kwa wagonjwa 681. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Kati ya waliopewa mAb114, kama 35 kwa 100.

Tulijuaje? Juu mtu fulani aliandika namba kwenye kila chupa, akaisoma mara mbili, hata saa sita ya usiku. Tuseme chupa ya Kavira na ya Masika zimebadilishana. Kavira mgonjwa anarudi nyumbani kwa watoto wake, na Masika mzima analazwa kati ya wagonjwa. Tena damu iliyochukuliwa mapema mno, kabla ya siku 3 za ugonjwa, inaweza kuonyesha hakuna kitu, lazima irudiwe. Msaidizi anayeona haya kusema "nimekosea, turudie" asiingie labo.

Na kuna maneno ya mtaani: "Banauzisha damu yetu!" Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mimi siwaiti watu wale wajinga. Karibu na Beni watu walikuwa wakiuawa tangu 2014. Nani atasadiki haraka mgeni mwenye kufunika uso? Kijana wetu wa labo ndiye aliyeweza kueleza kwa Kinande, mbele ya shangazi zake, damu inaenda wapi na kwa nini. Kazi ile hailipwi, lakini ni nusu ya kazi.

Basi, mama, mtoto aulize ISTM juu ya masomo ya labo. Akipata kazi, asome mkataba mbele ya kutia sahihi, na asiguse chupa bila glavu, hata mkubwa wake akisema haraka. Baba naye aombe ruhusa, aende kutazama labo ya hospitali siku moja. Aulize chupa zinaoshwa namna gani. Watamweleza muda mrefu kuliko anavyofikiri.