Taa za Usiku Njia ya Ukweni

Uchumba una mitihani yake. Mmoja wa kwangu niliufanyia gizani, njiani kwenda kujitambulisha ukweni wilayani Magu.

Tulichelewa kutoka Mwanza mjini. Saa tatu usiku tukaacha lami, tukashika njia ya vumbi kuelekea Ghuba ya Speke. Mwezi hakuna. Mara, mbali mbele yetu, taa! Nyingi, zinacheza, zinapotea, zinawaka tena. Nikamshika mchumba wangu mkono. Akacheka, "Hao si wavuvi wa dagaa, wewe!"

Kumbe dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na mwanga. Zamani karabai, siku hizi hata taa za sola. Mtumbwi ukiyumba, taa nayo inacheza. Gari likipita nyuma ya mawe, taa zinapotea.

Nikatulia. Lakini mbele kidogo zikatokea mbili, chini chini, kando ya njia. Zikatutazama, zikapotea. Safari hii aliyenyamaza ni yeye, msomi wangu wa chuo kikuu. Kisha, kwa sauti ndogo, "Fisi wa yule bibi jirani." Usukumani wapo wanaoamini kuwa wachawi hupanda fisi usiku.

Jamani! Macho ya fisi, kama ya paka, yana tabaka kwa nyuma linalorudisha mwanga. Taa tuliyoiona ilikuwa ya gari letu wenyewe. Hata Paulding, kule Michigan, Marekani, taa zilizodaiwa kuwa za mzimu zilichunguzwa na wanafunzi kwa darubini mwaka 2010, wakakuta ni magari barabarani.

Asubuhi nilikwenda kumwamkia bibi. Macho yake mekundu kweli. Jiko lake halina dirisha, anapikia kuni na samadi kavu, moshi wa miaka yote umo machoni mwake. Na huku Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho kama hayo. Huanza na neno dogo, kama lile la kwenye gari.

Nilimwambia mwenzangu wazi, "Watoto wetu wasiisikie kwako hadithi hiyo." Hakubisha. Jioni alikwenda mwenyewe, akapiga goti, "Shikamoo bibi."

Dada, kaka, kabla ya ndoa msikilize mwenzako akiwa na hofu. Anamtaja nani?