Moteri ya mashine ya kusaga haiuawi na kazi, inauawa na unga



Kila mwaka, jua la mwezi wa saba likiwaka, napata habari ileile: «Agronomu, moteri imekufa.» Muhogo mukavu umejaa ndani ya magunia, wamama wamepanga murongo murefu mbele ya mashine, na siku ile ndiyo moteri inakataa. Komite inakaa, inatafuta mwenye kosa, na mara mingi wanamaliza kwa neno moja: ni moteri ya bei ya chini, haina nguvu. Wanachanga tena, wananunua ingine, na mwaka wenye kufuata ni vilevile.

Moteri mubaya ziko, sikatai. Lakini nyingi zenye tulifungua pamoja na mafundi zilikufa kwa joto, na joto lile lilitokana na unga wetu wenyewe. Ndiyo maana nasema: shida si duka lenye lilituuzia moteri. Shida ni kwamba ndani ya koperative zetu kusaga kuna malipo, lakini kusafisha hakuna malipo.

Tuangalie kwanza namna moteri hii inajipoza. Gari iko na maji ndani ya radiateri. Moteri yetu ndogo ya esanse haina maji, inapozwa na hewa tu. Mbele, fasi yenye tunavuta kamba, kuna ventilateri yenye kuvuta hewa kupitia matundu madogo. Kifuniko cha bati kinaongoza hewa ile mpaka kwenye silinda, yenye iko na mabawa madogo ya chuma yenye kupangwa kama kurasa za kitabu. Hewa inapita katikati ya mabawa na kubeba joto. Wazungu wanatumia moteri ya namna hii kwa mashine ya kukata majani. Kule majani makavu ndiyo yanaziba njia ya hewa. Kwetu ni unga. Unga ukikutana na tone la mafuta yenye kuvuja, unakauka na kuwa kama simenti. Hewa haipiti tena, mafuta ndani yanakuwa mepesi kama maji, pistoni inasugua chuma kwa chuma, na mwisho inakamata.

Na mimi niko na kosa langu. Miaka ya kwanza ya kazi, katika koperative moja ya bonde la Ruzizi, fundi aliniuliza juu ya nini moteri yake inapata joto sana. Kwenye institut nilijifunza udongo na mbegu; moteri nilikuwa naijua kwa macho tu. Lakini niliona haya kusema sijui. Nikamwambia: «Toa kile kifuniko cha bati, moteri ipumue.» Alikitoa. Bila kifuniko, hewa ya ventilateri ilipotea pembeni, haikufika tena kwenye silinda. Moteri haikumaliza juma. Wamama walirudia kinu na muchi, wengine walibeba muhogo kichwani mpaka mashine ya kijiji kingine, saa mbili kwa miguu kwenda na kurudi. Hakuna mutu alinitukana, lakini mimi sijasahau. Kifuniko kile kinatolewa kwa kusafisha, kisha kinarudishwa.

Sasa, kazi yenyewe. Asubuhi, mbele ya kuvuta kamba, moteri ikiwa baridi na imesimama fasi sawasawa, fundi aangalie kipimo cha mafuta. Apanguse matundu ya ventilateri kwa burushi kavu. Afungue filtri ya hewa. Kama ni ya eponji, aifue kwa maji na sabuni, aikaushe muzuri, ailoweshe na mafuta safi ya moteri kidogo, aikamue. Asiifue na esanse, moto hauchezewi. Kama ni ya karatasi, aigonge polepole tu. Maji inaiharibu, na ikiwa nyeusi inunuliwe ingine. Kusaga bila filtri hata siku moja ni kumwanga muchanga ndani ya silinda.

Siku moja kila juma, kifuniko kitolewe, kamba ya buji ichomolewe kwanza, na unga utolewe katikati ya mabawa kwa burushi na pompi ya kinga. Tusimwange maji juu ya moteri ya moto: chuma kinaweza kupasuka. Jioni, mashine ikimaliza kusaga, tuache moteri izunguke polepole dakika mbili tatu mbele ya kuizima, ili joto litoke.

Mafuta nayo iko na hesabu yake. Kitabu chenye kinakuja na moteri nyingi za namna hii kinasema: badilisha mara ya kwanza kisha masaa 20, halafu kila masaa 100, na mapema zaidi fasi yenye vumbi. Mashine yenye kusaga masaa 6 kwa siku, siku 6 kwa juma, inafanya masaa 36. Masaa 100 haifiki hata majuma tatu! Ni koperative ngapi zinabadilisha mafuta kila juma tatu? Moteri ndogo ya farasi 5 na nusu inabeba karibu litre 0,6 tu. Linganisheni bei yake na bei ya moteri mupya.

Ingine: nyumba ya mashine. Moteri ikikaa ndani pamoja na kinu cha mashine, inavuta unga na kupumua joto yake yenyewe. Tuiweke nyuma ya ukuta, mukanda upite kwenye tundu. Moshi pia utaenda inje, juu moshi wa moteri ndani ya nyumba yenye kufungwa unaua mutu.

Najua fundi mumoja ataniambia: «Agronomu, mimi nalipwa kwa basini. Nikisimamisha mashine nusu saa, nani atanilipa? Na wamama wale wenye wanangoja wananipigia kelele.» Iko na haki. Tumemupa sababu ya kukimbiza moteri, hatukumupa hata moja ya kuitunza. Kwa hiyo naomba tubadilishe kanuni. Kaisa ilipe fundi masaa ya kusafisha sawa na masaa ya kusaga. Kila siku masaa ya kazi na siku ya mafuta iandikwe ndani ya kaye, na mama mumoja wa komite aiangalie kila juma. Na siku ya kusafisha itangazwe mapema, wamama wasije bure.

Kwa mukutano wenu wenye kuja, musianze na kuuliza nani aliua moteri. Muulize: kati yetu, nani analipwa kuisafisha? Kama hakuna jibu, anzeni tena kuchanga, maana moteri yenye muko nayo leo tayari inaelekea kufa.