Mashtaka Dhidi ya Injini ya Probox

Hoja za wapinzani wetu mmezisikia. Tangu baadhi yetu tupendekeze daraja la otokrosi, mbio za udongoni, litakalotumia injini moja tu, ile 1NZ-FE ya Toyota iliyomo ndani ya Probox na IST nyingi, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu, gereji zimegeuka mabunge. Nimewasikiliza wapinzani kwa makini kuliko wanavyodhani. Wengine ni wazee niliowashikia taa nikiwa kijana wa kutumwa spana, na adabu inanitaka niseme walinifundisha kazi. Hainitaki nikubali kila wanachosema. Waamuzi ni ninyi. Naomba jambo moja: mnaposikiliza shtaka la tatu, msiwe mmelisahau la kwanza.

La kwanza ni udhaifu. Wanasema sentimita za ujazo 1,496 na nguvu za farasi 109 kwa mizunguko 6,000 si nguvu za mbio, ni nguvu za kupeleka mtoto shule. Takwimu ni sahihi, sizibishi. Kosa lao ni kuzisoma zikiwa bado ndani ya Probox. Probox pamoja na dereva wake inapita kilo 1,100, kwa hiyo kila farasi anavuta zaidi ya kilo 10. Huo ni mzigo wa punda. Sasa itoeni injini hiyo, ifungeni kwenye bagi ya mabomba yenye kilo 550, mkalisheni dereva wa kilo 80. Jumla ni kilo 630, na kila farasi anavuta kilo 5.8. Kisha leteni Subaru Impreza STI wanayoiapia: farasi 280, kilo zipatazo 1,450, dereva yule yule. Kila farasi anavuta kilo 5.5. Subaru imeshinda, sikatai. Imeshinda kwa gramu 300 kwa farasi. Hizo ndizo gramu wanazotumia kutenganisha mbio za kweli na mchezo wa watoto. Mtaniambia Subaru inavuta kwa magurudumu yote manne. Ni kweli, na ndiyo maana hatukuomba kushindana nayo. Tumeomba daraja letu wenyewe.

La pili ni la nasaba: injini ya gari la kwenda sokoni haina damu ya mbio. Hapa nashangaa, kwa sababu wanaolisema ni watu waliokulia kando ya barabara za Safari Rally. Mwaka 1954, mashindano yakiwa bado yanaitwa Coronation Safari, Vic Preston alishinda kwa Volkswagen Beetle, gari ambalo injini yake haikufika lita 1.2 kamili. Mwaka 1962 Tommy Fjastad naye akashinda kwa Volkswagen. Mwaka uliofuata, huko Marekani, injini ya Beetle ikapewa daraja lake rasmi la mbio za wasio na fedha, Formula Vee: sentimita za ujazo 1,192 na nguvu za farasi kama 40. Arobaini! Katika mbio za aina hiyo walipita Emerson Fittipaldi, Niki Lauda na Keke Rosberg, na wote watatu baadaye wakawa mabingwa wa dunia wa Formula One. Ford nayo ilitoa Anglia 105E mwaka 1959, gari la karani na mwalimu. Jim Clark alitumia injini ya ukoo huo kwenye Formula Junior mwaka 1960, na ukoo huo huo ukazaa Formula Ford mwaka 1967. Injini hiyo ilipochakaa kwa umri, Wamarekani waliruhusu ya Honda Fit ikimbie kando yake. Honda Fit, ndugu zangu, ile ya lita 1.5 inayoegeshwa nje ya kila duka la dawa mjini. Ningeweza kuwatajia pia Joginder Singh mwaka 1974, akiwa na Lancer ya lita 1.6, akimwacha nyuma Björn Waldegård kwenye Porsche 911. Siitumii, kwa kuwa Lancer ile iliundwa kwa ajili ya michezo, na sina haja ya shahidi wa kuazima.

Shtaka la tatu linaniudhi kwa sababu lina ukweli nusu. Wanasema injini itakufa kabla msimu haujaisha: bloku yake ni ya alumini, kuta za silinda ni nyembamba, konrodi ni vijiti vya mishikaki. Nikiuliza itauawa na nini, jibu ni turbo. Turbo ya nani? Pendekezo letu linasema injini isiguswe. Kwa hiyo katika shtaka la kwanza injini hii ni dhaifu mno haifai mbio, na katika la tatu ina nguvu nyingi mno hata inajivunja yenyewe. Wachague moja. Injini wanayoizika ni ya jirani aliyefunga turbo ya mtumba juu ya pistoni za kiwandani, na kuhusu jirani huyo mimi na wao tuko upande mmoja.

Iliyo yetu tuipime kwa hesabu. Pistoni ya 1NZ-FE husafiri milimita 84.7 kwenda na 84.7 kurudi katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, wastani wa mwendo wake ni mita 17 hivi kwa sekunde. Kufika mita 20, ambako vyuma vya kawaida huanza kulalamika, inabidi uizungushe kiasi cha mara 7,000, na kompyuta ya kiwandani hukata mafuta kabla ya hapo. Anayetaka shahidi wa macho aende akazitazame Probox zinazoteremsha miraa kutoka Meru, magunia hadi dari, kanyagio sakafuni mpaka Nairobi. Bagi yetu itakimbia dakika chache, kisha itapoa kivulini ikisubiri zamu.

Na ule ukweli nusu? Ni oili, jambo ambalo wao hawakulitaja hata mara moja, nadhani kwa sababu halipigi kelele kama turbo. Injini hii hubeba lita 3.7 tu, ndani ya sampu isiyo na vizuizi vya maana. Kwenye kona ndefu ya upande mmoja oili hupanda ukutani kama uji kwenye bakuli lililoinamishwa, na mdomo wa pampu unanyonya hewa. Mimi niliua moja hivyo. Kijiti cha kupimia kilionyesha oili iko katikati ya alama mbili, nikasema inatosha. Kwenye kona ya tatu ya kushoto taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka tena, nami nikajifanya sikuiona. Jioni tulipofungua sampu, oili ilimeta kama rangi ya kucha. Beringi ya konrodi ya pili ilikuwa imelika mpaka nikaweza kuikunja kwa vidole. Dawa yake, mguso pekee tunaouruhusu kwa kuwa hauongezi nguvu, ni vipande vinne vya bati nene vilivyochomelewa ndani ya sampu, na oili kujazwa hadi alama ya juu. Fundi wa jua kali huimaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo sijaua nyingine.

Wanarudi kwa mlango wa nyuma: leo mnasema isiguswe, kesho kila mtu ataigusa gizani. Hoja hii naiheshimu. Binadamu ni binadamu, na historia iko upande wao. Klabu ya 750 Motor Club ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilijenga mbio zake juu ya Austin 7, kijigari chenye injini ya sentimita za ujazo 747. Injini hiyo ilikuwa na matundu mawili tu ya kuingizia hewa kwa silinda nne. Mwaka 1951 kijana Colin Chapman akayagawa kwa ndani, kila silinda ikapata njia yake, akawaacha wenzake wakila vumbi. Klabu ikabadili kanuni ili jambo lile lisirudiwe. Sasa angalieni wapinzani wanalia nini hasa. Kanuni ilitoboka, ikazibwa, na mbio zikaendelea. Kijana aliyeitoboa ndiye aliyeijenga Lotus. Kama huo ndio ugonjwa, tuambukizeni. Na njia za kuzuia wizi zipo: waya na lakiri ya risasi kwenye kifuniko cha injini, au ile kanuni ya baadhi ya mbio za Marekani inayomruhusu mshindani kuinunua injini ya mshindi kwa bei iliyopangwa. Hakuna anayemimina mamilioni kwenye injini anayoweza kunyang'anywa jioni kwa bei ya mtumba. Japani nayo iliendesha mbio za Vitz kwa ajili ya watu wa kawaida kuanzia mwaka 2000, magari yakiwa na namba zake za barabarani, na mwaka 2021 mbio hizo zikageuka kuwa za Yaris. Miaka ishirini si muda wa jambo lisilowezekana.

Kuhusu gharama nitakuwa mfupi. Wanasema injini rahisi haisaidii, kwa kuwa fedha huishia kwenye tairi, mkanda, kofia na fremu ya usalama. Ni kweli kabisa. Ndiyo sababu hatutaki injini nayo idai fungu lake.

Hoja iliyonikosesha usingizi ni ya pikipiki. Kwa nini, wanauliza, mbebe injini ya gari wakati injini ya Hayabusa ya sentimita za ujazo 1,340 ni nyepesi zaidi, ina nguvu zaidi, na inakuja na giaboksi ya gia sita ndani yake? Kwenye lami laini, kwa mtu mwenye fedha, wana haki, na ningekuwa mahali hapo ningenyamaza. Sisi tunakimbia kwenye udongo. Pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, na anayekimbia udongoni ataingia kichakani, hilo halina mjadala. Atatokaje? Kwa kusukumwa? Mnyororo wake utakula mchanga siku nzima. Klachi yake iliumbwa kwa mwili mwepesi zaidi. Kisha kuna swali la spea. Nendeni Kirinyaga Road, Nairobi, muulize gaskiti ya 1NZ, muone kama muuzaji atainuka kwenye kiti au atanyoosha mkono tu nyuma yake. Kisha muulize ya Hayabusa. Boda boda tunazo kila kona, lakini zile ni za sentimita za ujazo 100 hadi 150, na spea zake hazitamwokoa mwenye Hayabusa.

Lililobaki ni la mafundi kwa mafundi: eti injini hii imekaa mbele kwa kukingama, inavuta magurudumu ya mbele, na karibu zote ni otomatiki. La otomatiki halina uzito, Probox za manyuali zipo na giaboksi yake inaingia bila kubembelezwa. La kukaa mbele wamelitazama kinyume. Unashusha injini, giaboksi na ekseli zake mbili kama kifurushi kimoja, unakisogeza chote nyuma ya kiti cha dereva. Vifundo vile vya usukani unavifunga kwa fimbo imara visigeuke. Gia inabadilishwa kwa kebo, na kebo hukubali kurefushwa. Toyota wenyewe walifanya hivyo na vyuma vya Corolla walipounda MR2 mwaka 1984. Tulipolijaribu wenyewe, kilichotusumbua kilikuwa mabomba ya maji ya kwenda kwenye rejeta iliyobaki mbele: hewa ilijificha kwenye kiwiko cha bomba, na sindano ya joto ikapanda kila baada ya mzunguko wa pili. Tukachomelea kizibo kidogo cha kutolea hewa pale bomba linapoinuka zaidi. Kwisha.

Nimebakiza mashtaka mawili, nayo nayaleta pamoja kwa sababu yaliletwa pamoja. Moja linasema hakuna mtu atakayelipa kiingilio kutazama injini za Probox. Jingine linasema daraja hili likifunguliwa vijana watajitokeza wengi mno, waamuzi wa uwanjani hawatatosha, na ratiba ya siku itaharibika. La pili naomba liandikwe upande wetu kama ushahidi. Yote mawili yalitoka kinywani mwa mzee mmoja, mchana mmoja, kabla chai yake haijapoa.