Ziwa Tanganyika la kwenye kompyuta lichorwe na wanaolijua

Kijana wa Lubumbashi anayependa ndege anaweza leo kuruka kutoka uwanja wa Luano hadi Kalemie bila kununua tiketi. Anahitaji kompyuta yenye nguvu, umeme usiokatika na programu ya kuigiza urubani kama X-Plane, Microsoft Flight Simulator au FlightGear, ambayo ni ya bure. Safari ni ya kilomita 660 hivi. Ziwa Moero linabaki upande wa kuume, milima inapita, kisha Tanganyika linatokea mbele.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Katika michezo hii, maji yanaweza kuonekana yakipanda kilima. Ziwa linaweza kuwa na ngazi katikati. Mtaa ambao wakaaji wake walihama kwa sababu ya mafuriko unaweza kubaki mkavu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi wanacheka na kuendelea na mchezo. Lakini kosa hili linapaswa kuchukuliwa kwa uzito, na dawa yake iko mikononi mwa Wakongomani wenyewe.

Mandhari ya michezo hii inajengwa kwa vitu viwili: urefu wa ardhi na mstari wa maji. Kuhusu urefu, kazi kubwa ilifanyika Februari 2000, wakati chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima sehemu kubwa ya dunia kwa rada kwa siku 11. Mstari wa maji unatoka kwingine. X-Plane inategemea OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Microsoft inatumia ramani na picha za Bing Maps. Vipimo hivi havikuchukuliwa siku moja, wala na watu wamoja. Mstari ukisogea kidogo tu nje ya mahali pake, kompyuta inamwaga maji kwenye mteremko.

Tena, X-Plane inakata dunia katika vipande vya digrii moja kwa digrii moja. Tanganyika, lenye urefu wa karibu kilomita 670, linapita katika vipande vingi. Kipande kimoja kikipewa kimo cha maji tofauti na kile cha jirani, rubani ataona ngazi mahali ambapo mvuvi anaona maji yaliyotulia.

Hata hivyo, ugumu mkubwa zaidi hautoki kwenye kompyuta. Unatoka kwenye ziwa lenyewe, kwa maana halikai mahali pamoja. Mwaka 1876 Stanley aliukuta mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka Tanganyika, ukiwa umezibwa. Miaka michache baadaye kizuizi kilibomoka, na kabla ya karne hiyo kwisha ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Katika miaka ya karibuni mambo yamegeuka: maji yamepanda, na mwaka 2024 yaliingia katika nyumba za watu Kalemie, Uvira na hata upande wa Bujumbura. Pale ambapo ardhi inashuka mita moja tu kwa kila mita 100, maji yakipanda mita moja yanatembea mita 100 ndani ya mtaa. Picha iliyopigwa kabla ya hapo inaonyesha ukingo ambao haupo tena.

Tanganyika haliko peke yake. Mnamo Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuingia katika Ziwa Kivu. Mahali palipokuwa maji pakawa mawe. Karibu na Likasi, Ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha, linapanuka wakati wa mvua na kurudi nyuma wakati wa kiangazi. Katika maziwa ya Upemba na Kisale, mafunjo yanaelea juu ya maji. Mtu anayetazama picha ya satelaiti akiwa Ulaya anaweza kuyadhania kuwa nchi kavu. Mvuvi wa Kisale hawezi kukosea hivyo.

Wapo watakaosema huu ni mchezo tu, na kwamba Kongo ina shida kubwa kuliko mandhari ya kompyuta. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ramani hizi zingetumika kwa mchezo peke yake. Sivyo ilivyo. OpenStreetMap inayochora ziwa la X-Plane ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na mashirika ya misaada. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka na Misalaba Mwekundu ya Marekani na Uingereza walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mradi wa Missing Maps, ili kujaza humo maeneo yasiyo na ramani. Mstari wa maji ukikosewa, rubani wa kompyuta anapoteza raha kidogo. Anayepeleka dawa au mahema kwa waliofurikiwa anaweza kupoteza siku nzima.

Wengine watasema hakuna faida kuchora ziwa ambalo mwakani litahama. Lakini OpenStreetMap inaruhusu kutenganisha maji ya kudumu na maji ya msimu, na kila badiliko linahifadhiwa na tarehe yake. Mistari ya miaka kumi ikiwekwa pamoja itaonyesha mtaa gani unaliwa na maji kila mara, na wapi si vizuri kujenga tena. Kwa mkaaji wa Kalemie, hilo si mchezo.

Kinachohitajika kinajulikana. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wa jiografia. Kuchora ukingo wa ziwa moja kungeweza kuwa sehemu ya kazi yao ya mwaka. Taasisi ya Jiografia ya Kongo ingeweza kufungua vipimo vyake kwa umma. Vijana wanaotumia mega zao kushusha mandhari ya kigeni wangeweza kutenga saa moja kwa juma kusahihisha ukingo wanaoufahamu, au kumpigia simu ndugu aliyeko Pweto au Moba na kumuuliza maji yamefika wapi.

Makampuni ya Marekani na Ufaransa hayatatuma mtu Kalemie kuuliza. Yatachukua kilichopo, na kilichopo leo kimechorwa zaidi na watu wa mbali. Kijana wa Luano akitaka kulikuta ziwa mahali pake, itabidi yeye na wenzake walichore.