Wenzetu wana Brady Bunch, Kasulu wana King Majuto

Hollywood ina kamchezo kake: inachukua komedi ya familia iliyotamba kwenye TV, inaitengenezea filamu. The Addams Family ilitoka 1991, The Flintstones 1994, The Brady Bunch 1995. Wanachouza ni kumbukumbu. Mzazi aliyeangalia utotoni anampeleka mwanae sinema.

Sasa Bongo mtu akifanya hivyo na Ze Comedy au Mizengwe, anamlenga nani? Tanzania Bara ilipata kituo cha kwanza cha TV 1994 (Zanzibar walishatangulia tangu 1974), na Kibondo na Kasulu zilitegemea majenereta ya TANESCO kwa miaka mingi. Wengi huko komedi iliwafikia kwa CD na kibanda umiza, kwa kiingilio. Na kwenye CD, mfalme alikuwa King Majuto.

Mtayarishaji anayetaka soko la Kigoma aanze na filamu za mzee huyo, vipindi vya TV vitafuata. Ila Majuto alifariki Agosti 2018, na komedi zake zilibebwa na uso na sauti yake kuliko hadithi. Joti anaweza kujaribu, lakini huyo naye ana mashabiki wake tayari, na walimjulia kwenye TV.